Kitufe cha Kidole Gumba

Mamake bibi harusi aliiweka kamera juu ya mkeka, baina yake na mimi, kisha akauondoa mkono wake haraka.

"Ndiyo hii," akasema. "Mwanangu ameileta kutoka Bara Arabu. Haitiwi filamu."

"Haitiwi filamu, picha zakaa wapi?"

"Ndilo nilokuitia."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nimeshapiga picha za harusi za wanawake katika Mji wa Kale kwa muda mrefu, na nilijua kwamba watu hawakuniita kwa sababu napiga vizuri kuliko wengine. Waliniita kwa sababu walijua picha zao zinakwenda wapi. Siku ya kupamba, wanawake hukusanyika peke yao kumtazama bibi harusi aliyepambwa. Mabuibui huvuliwa mlangoni. Ndani huwa ni nywele, shingo, mabega, dhahabu na magauni ambayo hakuna mwanamume wa nje atakayeyaona. Kamera huingia humo kwa idhini tu, na idhini yangu ilisimama juu ya desturi moja. Sherehe ikimalizika, niliirudisha filamu kwenye mkebe wake mbele ya mama wa bibi harusi, nikaitoa, nikamtia mkononi. Sikwenda nayo nyumbani hata mara moja.

Yeye ndiye aliyeipeleka kusafishwa, kwa mama mmoja wa Kihindi, Mwislamu kama sisi, ambaye mumewe alikuwa na duka la picha. Mama huyo alizisafisha picha za wanawake mwenyewe katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa ndani. Siku za harusi mumewe alibisha hodi katika duka lake mwenyewe.

Sasa mama huyo alikuwa amesafiri kwao kwa msiba, na hakuna aliyejua atarudi lini. Duka lilibaki na mume peke yake. Filamu ya kupamba haingeweza kwenda huko, wala kwengine kokote.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, miguu imefungwa mifuko ya plastiki kwa ajili ya hina. Harusi ilikuwa Ijumaa, na mwanzo wa wiki angesafiri na mumewe kwenda Maskati.

"Mimi nazitaka picha," akasema. "Huko niendako sina mtu. Nazitaka za nyanya, za mashangazi, za rafiki zangu wote walivyo siku hiyo, wamejipamba. Si za buibui. Za buibui n'nazo."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa, na mimi nilikuwa na mashaka nayo tangu mwanzo.

Kakake alikuja kunieleza ile kamera. Alisimama upande wa pili wa pazia la mlango akasema kwa haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Picha huingia kwenye kadi, na kadi ni hii. Zaonekana papo hapo kwenye kioo cha nyuma. Usiyoitaka waifuta. Ukimaliza, nipe kadi tu.

"Nikupe wewe?" nikauliza.

"Nitamalizana nayo mimi."

"Wapi?"

"N'na rafiki yangu ana kompyuta afisini. Atazitoa zote kwa karatasi."

"Rafiki yako atazitoa akiwa amefumba macho?"

Akacheka. Nilimsikia akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwengine. "Ah, dada. Hatozitazama. Ni kazi tu."

Kila swali nililomwuliza juu ya kamera alikuwa na jibu lake. Nilipomwuliza habari za huyo rafiki, ana umri gani, afisi iko mtaa gani, nani mwengine hukaa humo, akaniambia ana miadi, akaondoka. Nililiweka hilo moyoni.

Niliichukua kamera nyumbani kuijaribu. Sikuiamini, na kitu nisichokiamini hukifungua kwanza nikakitazama ndani. Kadi yake haikufika ukubwa wa kisanduku cha kiberiti na ilibeba picha chache, basi sikuwa na ruhusa ya kukosea. Na ilikosea sana. Ukibonyeza kitufe cha juu nusu, yenyewe huchagua mahali pa kulenga na yenyewe hupima mwanga, yote mawili kwa pamoja, na daima katikati. Nikawaweka shangazi yangu na jirani yake wakae bega kwa bega. Katikati ya vichwa viwili palikuwa na ukuta. Ukuta ukatoka wazi kabisa, hata nyufa za chokaa ukazihesabu, na nyuso mbili zikawa ukungu.

Nikamsimamisha shangazi mbele ya ukuta mweupe, kamera ikaona weupe mwingi, ikaupunguza mwanga, uso wake ukawa mweusi. Nikamvika buibui, kamera ikaona weusi mwingi, ikauongeza, uso ukapauka hadi pua ikapotea.

"Mara ya kwanza umenifanya makaa," shangazi akasema, akikitazama kioo. "Mara ya pili umenifanya mzuka. Mimi mwenyewe utanipiga lini?"

Tena ilikuwa nzito kuamua. Unabonyeza, inafikiri, ndipo inapiga, na mtu ameshaacha kucheka.

Kitabu cha maelezo kilikuwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Nilikisoma taratibu mpaka nikafika mahali palipoeleza kwamba vifungo vyenyewe vyaweza kubadilishwa kazi. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa. Nyuma ya kamera, pale kidole gumba kinapopumzika, palikuwa na kitufe kidogo ambacho sikuwa nimekitumia. Nilikiondolea kitufe cha juu kazi ya kulenga, nikakipa hiki kidogo cha nyuma. Nikaiambia kamera ipime mwanga wa kidoa cha katikati tu, isitazame chumba kizima. Kisha nikafanya kitufe hicho kikishabonyezwa kifunge vyote viwili, ulengaji na mwanga, visibadilike hata nikiigeuza kamera.

Tangu hapo kazi ikawa hivi: naelekeza katikati ya kioo kwenye shavu la mtu, nabonyeza kwa kidole gumba, nageuza kamera nipange picha nitakavyo, ndipo nangoja. Uso ukifunguka, nabonyeza juu, na picha hupigwa palepale, kwa sababu kamera haina tena la kufikiri. Uso usipofunguka, sibonyezi, na nafasi ya kadi haipotei. Nikapunguza nguvu ya flashi ili isiwapake watu chokaa. Nikazima na ule mlio wake, maana kila ikilenga ililia kama kifaranga. Mwisho nikayahifadhi maagizo yote hayo mahali pamoja ndani ya kamera, ili mtu akiichezea niweze kuyarudisha.

Nikampiga shangazi tena, amekaa mlangoni, nusu ya uso juani.

"Sasa ndiye mimi," akasema. Kisha akanitazama. "Na zile nyengine zimekwenda wapi?"

"Nimezifuta."

"Umejuaje kama zimefutika?"

Nilijua hazionekani kwenye kioo, basi.

Kupamba kulifanywa alasiri, kwa sababu ukumbi tuliopata, upande wa Tononoka, ulikuwa umechukuliwa na watu wengine usiku. Mlangoni walikaa mama wawili wa makamo kupekua mikoba ya wageni, kama ilivyo ada, wasiingize kamera. Mkoba wangu hawakuupekua. "Pita, mamangu, wewe twakujua," wakaniambia.

Ndani, jua lilikuwa likiingia kwa madirisha ya juu ya upande mmoja, likaangukia nusu ya ukumbi. Nusu ya pili ilikuwa na taa za umeme tu, njano na hafifu. Bibi harusi alikaa jukwaani katikati ya maua, macho chini, kama desturi ilivyo, haongei wala hacheki. Kamera iliyoachiwa ijiamulie yenyewe ingepotea kabisa mahali hapo. Nilikwenda meza kwa meza. Shavu, kidole gumba, ngoja, piga. Shavu, kidole gumba, ngoja, mtu akainua mkono kula sambusa, acha. Mara nyingi nilikuwa na kamera jichoni, nimeshalenga, na sikupiga.

Nilimwona yule mwanamke akinitazama kabla hajasema neno. Alikuwa jirani ya bibi harusi, mke wa muuza vitambaa, amevaa kijani, na meza yake ilikuwa upande wa madirisha. Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama mkono wangu wa kulia. Nilihamia meza ya pili, akageuza kiti. Nilipoishusha kamera bila ya kupiga, alimgusa mwenzake wakanong'ona.

Halafu akasimama.

"Wewe! Kidole chako chafanya nini huko nyuma?"

"Chalenga, dada."

"Mbona taa haikuwaka?"

"Kwa sababu sijapiga."

"Hujapiga na umebonyeza! Nimekaa nikikutazama. Wabonyeza juu, kwawaka. Wabonyeza nyuma, kimya. Haya, za juu ni zetu. Za nyuma ni za nani?"

Mpiga dumbaki akasita. Waimbaji waliendelea kidogo bila yeye, kisha nao wakanyamaza.

"Yuwatupiga kwa siri!" mtu akasema huko nyuma.

"Na mwatazama, haina hata filamu!"

"Haina filamu?"

"Ameileta kaka mtu, kutoka Uarabuni."

Basi ikawa imeshatoka. Wanawake wakakimbilia rundo la mabuibui karibu na mlango, wakavaa la yeyote lililowajia mkononi. Mmoja aliyekuwa mrefu akavaa la mtu mfupi, likamfika magotini, akasimama hivyo hivyo akinikodolea macho. Nilijua kwamba wakitoka wamekasirika vile, bibi harusi hatakuwa na picha hata moja, maana mamake angeitupa kamera baharini kuliko kukaa mjini na maneno hayo.

"Nisikilizeni," ikasikika sauti ya jukwaani.

Bibi harusi alikuwa ameinua macho.

"Haa! Bibi harusi asema!"

"Nyamaza mamangu, utaharibu wanja," shangazi yake akamwambia.

"Na uharibike. Hakuna atakayetoka na picha yake asiyoitaka. Mama, kaa hapo na kamera. Zitazamwe zote, mbele ya kila mtu. Asiyetaka, yake ifutwe."

Mamake akavuta kiti, akakaa, akapakata kamera kama mtoto wa watu. Wale waliokimbilia mlangoni wakapanga mstari. Lakini yule wa kijani hakupanga mstari. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Kwanza kitufe," akasema.

Nikaitoa kamera mapajani mwa mama, nikampa. Nikamwambia aweke kidole gumba pale pale, amwelekezee mamake bibi harusi, abonyeze. Akabonyeza. Nikamwonyesha kioo: picha ya mwisho ilikuwa ile ile niliyoipiga mimi. Akabonyeza tena, na tena, akitazama kila mara. Hakuna kilichoongezeka. Kisha nikamwambia abonyeze cha juu. Flashi ikawaka, na uso wa mamake bibi harusi ukatokea.

"Hiyo ifute upesi," mama akasema. "Pua imejaa kioo kizima."

Wachache wakacheka. Yule wa kijani hakucheka.

"Kitufe nimekielewa," akasema. "Wewe ndiye sijakuelewa. Kadi yenyewe ni hii, yatosha ndani ya kiatu. Nani ajua kama huna nyengine?"

Nilimtazama mamake bibi harusi. Alikuwa amepokea filamu mkononi mwangu katika harusi za binti zake wakubwa, na hakupata kuniuliza kama nilikuwa nimepiga mbili nikamkabidhi moja. Sasa alikuwa akiurekebisha mtandio wake, ambao haukuwa na kasoro.

Kwa kweli swali lilikuwa la haki. Lau ningekuwa mimi kwenye kiti kile, ningeliuliza. Tangu siku ya pazia nilikuwa nikimshuku kaka mtu kwa jambo lile lile.

Niliumwaga mkoba juu ya meza. Betri, kitambaa cha kufutia kioo, kitabu cha maelezo, kitana, peremende, funguo za nyumba. Yule mwanamke akakigeuza kila kitu. Alikitikisa kitabu, akafungua kifuko cha betri, akanambia nivue viatu, nikavua. Akapitisha vidole kwenye mikono ya gauni langu. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama, na hakuna aliyesema basi yatosha.

"Hana," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na hakika ya kupata.

Mstari ukaanza kwenda. Kila mmoja alikuja, akainama juu ya kioo kile kidogo, akaitafuta sura yake. Wengine walisema ifute kabla hawajaona. Wengine walitazama, wakasita, wakawaita wenzao.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe. Tazama hereni."

"Mashaallah. Hata kope zaonekana."

Nyanya mtu, aliyesemekana hajawahi kukubali kupigwa picha, alitazama yake kwa muda mrefu na akauliza kama anaweza kuonekana akiwa na meno. Akaambiwa hawezi. "Basi iache hivyo," akasema. "Mjukuu wangu ananijua."

Mmoja akauliza lile lililokuwa limebaki. "Hizi zilizobaki, kadi itakaa na nani? Na nani atazitoa?"

"Kakangu ana rafiki," bibi harusi akaanza, akakatizwa na makelele. Akangoja yapungue. "Kakangu ana rafiki, na sitompa. Wifi yangu wa Maskati ana kompyuta na mashine ya kuchapia, chumbani kwake. Nitasafiri na kadi mwenyewe. Nitachapa mwenyewe."

"Huyo wifi hana mume?"

"Ni mjane."

"Hana watoto wa kiume?"

"Ana binti mmoja."

Wakatazamana. Nikaona mabuibui yakianza kufunguliwa kifuani, kwanza kwa sababu ya joto.

Yule wa kijani alikuja wa mwisho. Picha yake ilikuwa mojawapo ya zile nilizozipenda. Alikuwa amegeuka kumcheka mtu, kichwa nyuma, mwanga wa dirisha umeshika shavu, jicho wazi kabisa na nyuma yake kila kitu kimelainika. Sikuwahi kupata picha kama ile kwa kamera ya filamu.

"Hii umeipiga lini?"

"Kabla hujaanza kunitazama."

Mamake bibi harusi alikuwa na kidole tayari kwenye kitufe cha kufutia.

"Iache," yule wa kijani akasema. Kisha akamgeukia bibi harusi jukwaani. "Lakini akija huyo mumeo, ifiche. Wallahi nikisikia ameiona, nitakuja huko huko."

Jua lilipoteremka chini ya madirisha, kaka mtu alibisha mlango wa ukumbi. Mamake akatoka kumkabidhi kamera, nami nikiwa nyuma yake na mkoba wangu. Kaka mtu akafungua kimlango cha chini, akatazama, akaigeuza kamera juu chini, akaipiga kwa kiganja.

"Mama, kadi iko wapi?"

"Imeolewa."

"Imefanya nini?"

"Imeolewa. Yasafiri pamoja na dadako."

"Mama, bila ya kadi hiki ni kikopo tu."

"Basi n'nakurudishia kikopo chako. Ahsante kwa kukileta."

Alinitazama mimi, nikatazama barabara. Alikwenda zake, na kwa hatua zake nikaona kwamba alikuwa amemwahidi mtu jambo.

Bibi harusi alisafiri kama ilivyopangwa. Baadaye mamake aliniambia kwamba salamu zimefika na kwamba picha zimechapwa, ya nyanya mtu kubwa kuliko zote. Zimefungiwa kabatini, na ufunguo ni mmoja. Nilifurahi. Yule mama wa Kihindi aliporudi kutoka msibani, nilirudi kwenye filamu kama kawaida, isipokuwa jambo moja lilibadilika. Wale waliokaa mlangoni siku za kupamba hawakuniambia tena pita, twakujua. Walinyoosha mkono, nami niliufungua mkoba kabla hawajasema.

Yule jirani wa kijani nilikutana naye mara nyingi, kwenye vichochoro vya Mji wa Kale na karibu na Ngomeni. Tulisalimiana kwa ukamilifu: hali, nyumbani, watoto, wazee. Kisha alinisogelea, akashusha sauti.

"Hebu niambie. Mumewe ameziona?"

"Sijui, dada."

"Hujui, au hutaki kusema?"